Leo Fender, fundi redio aliyezipa gitaa sauti

Hakujua kupiga gitaa. Alikuwa na jicho moja linaloona, na elimu ya chuo aliyokuwa nayo ilikuwa ya kutunza hesabu, si ya umeme. Hata hivyo, ukisikia gitaa la umeme redioni leo, iwe rumba, dansi, injili au roki, kuna uwezekano mkubwa kwamba unasikia wazo lililoanzia katika duka lake dogo la kutengeneza redio.

Clarence Leonidas Fender, ambaye watu walimwita Leo, alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika jimbo la California, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa kati ya miji ya Anaheim na Fullerton. Akiwa na umri wa miaka minane uvimbe ulimharibu jicho la kushoto, likatolewa na akawekewa la kioo. Ndilo lililomzuia baadaye kuchukuliwa jeshini wakati wa vita vya pili vya dunia, na vita vilipokwisha tayari alikuwa na kazi mikononi.

Kilichomvuta kwenye umeme ni mjomba wake, aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari. Alimtumia Leo sanduku la vipuri vya redio na betri ya gari. Kijana alipokwenda kumtembelea alikuta redio ambayo mjomba ameiunda kwa mkono wake, na spika yake ikisikika hadi barabarani. Tangu hapo alianza kufungua na kufunga redio nyumbani, na majirani wakaanza kumletea zao.

Lakini hakuishi kwa redio mara moja. Baada ya shule alisoma uhasibu, akafanya kazi katika kampuni ya barafu, kisha katika idara ya barabara ya jimbo. Alimwoa Esther mwaka 1934. Hali ya uchumi Marekani wakati huo ilikuwa mbaya, akapoteza kazi, akapata nyingine, nayo akaipoteza. Mwaka 1938 alikopa dola 600, akarudi Fullerton na kufungua duka la kutengeneza redio. Wengi wetu tunamjua mtu wa namna hii: kibarua kimekwisha, anachukua bisibisi na koleo na kuweka meza barazani.

Wateja walileta redio, santuri na vipaza sauti. Wanamuziki nao walikuja na amplifaya zilizokufa, na hapo ndipo Leo alipopata shule yake ya kweli. Fundi anayetengeneza vitu vya wengine huona kila siku mahali ambapo mtengenezaji alikosea. Kiungo kimoja kimelehemiwa vibaya, waya umepita karibu na sehemu ya moto, na kipuri kinachoharibika mara nyingi kimefichwa nyuma ya vingine kumi. Leo alikuwa na hasira na kazi za namna hiyo, na alipoanza kuunda zake hakutaka fundi mwingine ateseke.

Tuseme kidogo amplifaya ya gitaa ni kitu gani. Nyuzi za gitaa la umeme zikitikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, hutokea umeme mdogo sana, sehemu ndogo tu ya volti moja. Umeme huo hauwezi kusukuma spika. Lazima ukuzwe. Enzi za Leo kazi hiyo ilifanywa na vali, yaani kichupa cha kioo kilichotolewa hewa, chenye waya unaowaka ndani kama balbu. Wazee waliowahi kuwa na redio kubwa za mbao wanazikumbuka: ukiwasha, unasubiri zipate moto ndipo sauti ije. Vali za kwanza katika amplifaya hukuza sauti ndogo ya gitaa, kisha zile kubwa za mwisho huipa nguvu, na transfoma huifikisha kwenye spika.

Mwaka 1945 Leo na rafiki yake Doc Kauffman walianza kuuza magitaa ya kulaza mapajani pamoja na amplifaya ndogo. Kauffman aliogopa kuweka fedha nyingi katika biashara hiyo akajitoa mwaka uliofuata. Leo akaendelea na kampuni yenye jina lake. Mwaka 1950 alitoa gitaa la mbao ngumu lisilo na tundu tumboni, ambalo mwaka 1951 lilipewa jina la Telecaster. Mwaka huohuo likafuata gitaa la besi la umeme, Precision Bass. Stratocaster ilikuja mwaka 1954. Shingo za magitaa hayo zilifungwa kwa skrubu badala ya gundi, ili ikipinda ifunguliwe na kuwekwa nyingine.

Amplifaya zake zilifuata fikra hiyohiyo. Sanduku lilikuwa la mbao za msonobari, limefunikwa kitambaa kigumu cha masanduku ya safari. Ukifungua ubao wa nyuma kwa skrubu chache, ulikuta kila kitu mbele yako: vipuri vimepangwa mstari kwenye ubao mmoja, nyaya zimelehemiwa kwa mkono, na nafasi ya kuingiza ncha ya chuma cha kulehemia. Ndani ya sanduku kulibandikwa karatasi inayoonyesha vali gani inakaa wapi. Kazi kubwa ya kulehemu ilifanywa na wanawake, wengi wao wenye asili ya Mexico, na katika amplifaya nyingi za zamani mafundi bado wanakuta kipande cha utepe chenye jina la mama aliyeiunganisha.

Ndiyo maana amplifaya za Fender za miaka ya 1950 bado zinapigwa leo. Si kwamba haziharibiki. Zinaharibika, lakini zinatengenezeka. Vali huchakaa kama tairi, hasa zile kubwa za mwisho, na hubadilishwa kwa kuchomolewa tu, ingawa fundi anapaswa kupima kama zile mpya zinapata umeme unaozifaa. Vali inayolia kama kengele ukiigonga taratibu kwa penseli imelegea ndani. Ile ambayo doa lake la fedha kwenye kioo limegeuka jeupe imeingia hewa, itupe. Ukiona bamba la chuma ndani ya vali limekuwa jekundu kama kaa la moto, zima mara moja, kwa sababu ukiendelea utaunguza na transfoma. Vifundo vya sauti vikikwaruza, mara nyingi ni vumbi, na dawa ya kusafishia vifundo vya umeme huviponya.

Kapasita kubwa za kuchuja umeme ni habari nyingine. Ndani yake mna dawa ya majimaji ambayo hukauka kwa miaka, na hapo amplifaya huanza kunguruma hata kama hakuna anayepiga. Wamiliki wengi wa amplifaya kongwe hushikilia kwamba kila kipuri kibaki cha asili. Kwa kapasita hizo, mimi naona huo ni ukaidi. Leo mwenyewe alikuwa akibadilisha vipuri kila alipopata kilicho bora, na asingeelewa heshima anayopewa kipuri kilichokufa.

Hapa panahitaji tahadhari. Ndani ya amplifaya ya vali mna volti 300 hadi zaidi ya 400, na kapasita huweza kushikilia umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Umeme huo huua. Kama hujafundishwa namna ya kuutoa na kuhakikisha kwa mita kwamba umetoka, usifungue. Mengine unaweza kuyafanya bila kufungua: usiwashe amplifaya ya vali bila spika kuunganishwa, maana transfoma ya mwisho huweza kuungua; fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara; na usiibebe juujuu ikiwa bado ya moto. Kingine kinachowagusa wasikilizaji wetu ni umeme wenyewe. Amplifaya zilizotengenezwa kwa matumizi ya Marekani hupokea umeme wa takriban volti 120, nao wa kwetu Afrika Mashariki ni 230 hadi 240. Ndugu akikuletea moja kutoka huko ukaichomeka hivihivi, itaungua dakika hiyohiyo. Tafuta transfoma ya kupunguza umeme, yenye uwezo unaozidi ule ulioandikwa nyuma ya amplifaya.

Tumrudie Leo. Kwa kuwa hakupiga gitaa, aliwategemea wapigaji wamwambie. Aliwapa vyombo vya majaribio wakapige kwenye kumbi za starehe, naye akaenda usiku kusikiliza. Inasimuliwa kwamba wakati mwingine alipanda jukwaani na kuanza kurekebisha amplifaya huku mwanamuziki akiendelea kupiga.

Aliyemsumbua kuliko wote alikuwa Dick Dale, kijana mwenye asili ya Lebanon kwa upande wa baba, aliyepiga kwa mkono wa kushoto na kwa nguvu za ajabu katika ukumbi uliojaa vijana pwani ya California. Amplifaya zilizoonekana kubwa zilikuwa ndogo kwake. Aliziunguza, aliyapasua maspika, akazirudisha. Mwenye kiwanda mwingine angemwambia apunguze sauti. Leo alikwenda kusimama katikati ya umati ule, akagundua kwamba watu wengi hunyonya sauti na kwamba alichokijaribu kiwandani hakilingani na ukumbi uliojaa. Akaunda transfoma kubwa zaidi, akaagiza spika ya inchi 15 yenye uwezo mkubwa kutoka kampuni ya JBL, na ikatoka amplifaya iliyoitwa Showman, yenye zaidi ya wati 80. Kwa wakati ule hizo zilikuwa nguvu nyingi mno kwa gitaa moja.

Wakati huohuo amplifaya yake nyingine, Bassman, iliyokusudiwa gitaa la besi, ilivuka bahari. Huko London, Jim Marshall aliyekuwa na duka la ngoma na magitaa aliifanya kuwa kielelezo, na mwaka 1962 yeye na mafundi wake wakatoa amplifaya yao ya kwanza ambayo saketi yake ilikaribia kuwa ileile. Sauti nzito ya roki ya Uingereza ilizaliwa hapo, kutoka kwenye kifaa cha besi cha Fullerton.

Kiwanda kilikua, lakini mwenyewe alikuwa akidhoofika. Tangu katikati ya miaka ya 1950 Leo alisumbuliwa na maambukizi ya bakteria yasiyoisha. Alichoka, akaamini hana muda mrefu wa kuishi. Januari 1965 kampuni yake iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Baada ya mauzo daktari mwingine alimpa dawa kwa kipimo kikubwa, na ugonjwa uliomwandama karibu miaka kumi ukapona.

Alikuwa mzima, ana fedha, na kiwanda si chake. Mkataba ulimzuia kwa miaka kumi kushindana na waliomnunua. Katika miaka hiyo wenye mali wapya walipanua uzalishaji na kupunguza gharama, na wanamuziki wakaanza kulalamika kwamba ubora umeshuka. Mwaka 1966 kampuni ilileta amplifaya za transista, zisizo na vali. Zilikuwa na kasoro nyingi na ziliondolewa sokoni ndani ya miaka michache. Transista yenyewe haikuwa na hatia, kwani leo amplifaya nyingi za makanisani na kwenye bendi zetu ni za transista na zinafanya kazi vizuri. Zile ziliharakishwa tu. Mwaka 1985 CBS iliiuza kampuni kwa kundi la wafanyakazi wake kwa dola milioni 12.5, pungufu ya walivyonunulia miaka 20 nyuma.

Muda wa mkataba ulipokwisha Leo alirudi kazini, kwanza na kampuni ya Music Man, iliyotoa amplifaya zilizochanganya transista mwanzoni na vali mwishoni. Esther alifariki mwaka 1979 kwa saratani. Leo akaanzisha kampuni nyingine, G&L, pamoja na George Fullerton aliyefanya naye kazi tangu 1948, na mwaka 1980 akaoa tena. Angeweza kukaa nyumbani kuhesabu fedha. Kila siku alikwenda kwenye benchi lake, hata baada ya ugonjwa wa Parkinson kuanza kumtetemesha mikono, mtihani mgumu kwa mtu aliyeishi kwa kushika chuma cha kulehemia.

Alifariki tarehe 21 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Siku moja kabla alikuwa bado kazini. Chumba chake katika kiwanda cha G&L, Fullerton, kiliachwa kama alivyokiacha, na vifaa vyake vikiwa mezani.