Tupac Shakur: Bifu lililozika marafiki wawili

Sura ya Tupac Shakur imechorwa kwenye matatu za Nairobi na kuchapwa kwenye fulana zinazouzwa sokoni, kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam. Mwenyewe alifariki mwaka 1996 akiwa na miaka 25 tu.

Alizaliwa New York tarehe 16 Juni 1971. Mama yake, Afeni Shakur, alikuwa mwanachama wa Black Panther, chama kilichopigania haki za watu weusi Marekani. Akiwa na mimba yake alikaa rumande, akajitetea mahakamani bila wakili, na akaachiwa huru mwezi mmoja kabla ya kujifungua. Mtoto alipewa jina la kiongozi wa wenyeji wa Peru aliyewaasi Wahispania na kuuawa mwaka 1781.

Familia ilihama kwa sababu ya dhiki. Huko Baltimore kijana alisoma shule ya sanaa, kisha wakaenda California. Alianza muziki kama mcheza shoo na mbeba vyombo wa kundi la Digital Underground, na mwaka 1991 akatoa albamu yake ya kwanza.

Mwaka 1993 alifanya urafiki na Christopher Wallace, maarufu kama Biggie, chipukizi kutoka Brooklyn. Tupac tayari alikuwa na jina, hivyo alimkaribisha nyumbani kwake na kumpa nafasi jukwaani.

Usiku wa tarehe 30 Novemba 1994, Tupac aliporwa na kupigwa risasi mlangoni mwa studio moja ya New York. Biggie alikuwa ghorofani, jengo hilo hilo. Tupac alipona, lakini akaamini kwamba rafiki yake alijua mpango ule. Biggie alikana, na hakuna mahakama iliyowahi kulithibitisha jambo hilo.

Siku iliyofuata Tupac alikutwa na hatia ya kumdhalilisha mwanamke kingono, kosa alilolikana, na mwaka 1995 akafungwa. Akiwa ndani, Biggie akatoa wimbo unaohusu kupigana risasi. Biggie alieleza kuwa aliurekodi kabla ya shambulio. Tupac hakusikia la mtu.

Albamu yake ilishika namba moja Marekani wakati yeye yuko gerezani, ila fedha za dhamana hakuwa nazo. Suge Knight, bosi wa Death Row ya Los Angeles, alifanikisha dhamana ya dola milioni 1.4. Kwa kubadilishana, Tupac alitia saini mkataba ulioandikwa kwa mkono, wa albamu tatu. Alitoka Oktoba 1995 akiwa na deni la kulipa kwa sauti yake. Miezi minne baadaye albamu yenye nyimbo 27 ilikuwa sokoni.

Juni 1996 akatoa wimbo wa kumchana Biggie, akamtukana yeye, ndoa yake na kampuni yake. Magazeti na redio yaligeuza ugomvi wa watu wawili kuwa vita vya pwani mbili za Marekani. Rekodi ziliuzwa.

Tarehe 7 Septemba 1996, Las Vegas, Tupac na wenzake walimpiga mtu mmoja ndani ya hoteli baada ya pambano la ndondi la Mike Tyson. Saa chache baadaye gari alilokuwamo lilimiminiwa risasi kwenye taa za barabarani. Alifariki tarehe 13. Ni mwaka 2023 tu ndipo mtu alipokamatwa na kushtakiwa kwa mauaji hayo, alikana shtaka.

Mama yake aliingia mahakamani kudai haki za kazi za mwanawe, kisha akaanzisha kampuni ya kuzisimamia.

Biggie naye aliuawa kwa risasi Los Angeles tarehe 9 Machi 1997, akiwa na miaka 24. Marafiki hao hawakupata hata siku moja ya kukaa chini na kusuluhishwa.