Karamojo Bell, mwindaji aliyechagua risasi ndogo

Katika historia ya uwindaji wa Afrika Mashariki, ni watu wachache waliopewa jina la nchi waliyoipitia. Mmoja wao ni Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskoti aliyefariki dunia mwaka 1954, ambaye hadi leo anafahamika kwa jina la Karamojo Bell. Jina hilo alilipata kutokana na miaka aliyoitumia katika nyanda za Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Katika maisha yake yote ya uwindaji aliwaua tembo 1,011. Idadi hiyo inatisha, lakini jambo lililowashangaza zaidi wawindaji wenzake ni kwamba tembo wapatao 800 kati ya hao waliangushwa kwa risasi yenye kipenyo cha milimita 7 tu, risasi ambayo wengi waliihesabu kuwa ya swala na wanyama wa kadiri yake.

Kila anayeshika bunduki hukabiliwa na swali la risasi ipi ifae kazi ipi. Bell alilishughulikia swali hilo kwa zaidi ya nusu karne, na jibu lake lilikuwa na matokeo ambayo Karamoja na nchi jirani zimeyaona kwa macho.

Yatima aliyekimbilia baharini

Bell alizaliwa tarehe 8 Septemba 1880 karibu na mji wa Edinburgh, katika familia yenye mali. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka miwili, na baba yake akamfuata miaka minne baadaye. Kaka zake waliomlea walishindwa kumtuliza shuleni, na alipofika miaka 13 alikuwa tayari baharini. Ndoto yake ilikuwa moja: kuwa mwindaji wa tembo barani Afrika.

Mwaka 1897, akiwa bado kijana mdogo, alifika Mombasa. Ujenzi wa reli ya Uganda ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia, na simba walikuwa tishio kwa watu na wanyama wa mizigo. Bell aliajiriwa kuilinda misafara. Bunduki yake ilikuwa ya .303, yaani kipenyo cha milimita 7.7, iliyotengenezwa Edinburgh na fundi aitwaye Fraser, nayo ilijazwa risasi moja kwa wakati.

Hapo alipata somo la kwanza. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki inayowasha moto, baruti inayosukuma, na kichwa kinachoruka. Katika joto la nchi za tropiki, baruti ya wakati ule iliweza kuongeza nguvu kupita kiasi, ganda likatanuka na kung'ang'ania ndani ya mtutu. Mwindaji aliyesimama mbele ya simba akabaki na mti mkononi. Tangu wakati huo Bell hakuichagua risasi kwa kuangalia nguvu zake tu. Alitaka kwanza kujua kama itawaka kila mara, na kama ganda litatoka kila mara.

Baadaye alivuka bahari hadi Yukon, kaskazini mwa Kanada, wakati wa mbio za dhahabu za Klondike.  Aliwinda wanyama na kuwauzia wachimbaji nyama. Mshirika wake alimdhulumu fedha za mauzo, naye akajikuta hana kitu. Aliingia katika kikosi cha wapanda farasi cha Kanada kilichokuwa kikipelekwa katika Vita vya Makaburu nchini Afrika Kusini, na vita vilipokwisha akaikamata tena njia ya kuelekea Uganda.

Karamoja na shule ya mafuvu

Karamoja ya wakati huo ilikuwa bado nje ya mkono wa karibu wa serikali ya kikoloni. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa wameshaifungua njia ya pembe, na Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara kutoka pwani hadi huko. Bell aliifuata njia hiyo akiwa na wapagazi wake. Kwa kuwa jamii za Karamoja ni wafugaji, aliahidi ng'ombe jike kwa kila mtu atakayemletea habari za tembo wakubwa. Habari zilianza kumiminika. Mkaramojong mmoja aitwaye Pyjalé, mjuzi wa nyayo na mtu wa ujasiri mkubwa, akawa mwongozaji na rafiki yake. Bila watu kama Pyjalé, jina la Karamojo Bell lisingekuwepo.

Wawindaji wengi wa Kizungu wa zama hizo waliamini kwamba mnyama mkubwa hutaka bunduki kubwa. Bunduki ya .600, kwa mfano, ilikuwa na uzito wa kilo 7 hivi, na kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu 58. Kichwa cha risasi ya milimita 7 aliyoipenda Bell kilikuwa na gramu 11 tu. Ukiviweka viwili hivyo kiganjani, hutasita kusema kipi ni cha tembo.

Bell naye alianza na bunduki ya mitutu miwili ya .450/400, pamoja na bunduki nyepesi za .303. Alizitumia zote mbili kwa tembo na kulinganisha matokeo. Aligundua kwamba risasi ndogo ikifika katika ubongo, tembo huanguka papo hapo, sawasawa na aliyepigwa kwa risasi kubwa. Na risasi kubwa ikikosa mahali pake, tembo hukimbia na jeraha, sawasawa na aliyepigwa kwa risasi ndogo. Kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kujua mahali penyewe.

Ili kupajua, Bell alikata mafuvu ya tembo kwa msumeno, kutoka juu hadi chini, akayachunguza ndani. Ubongo wa tembo ni mdogo ukilinganishwa na kichwa chake. Umekaa nyuma na chini, na umezungukwa na mfupa wenye vyumba vingi vya hewa, mfano wa sega la asali. Mpigaji asiyejua hilo hulenga paji la uso lote, na risasi yake hupotea katika mfupa. Bell alijifunza kuuona ubongo huo kwa macho ya akili kutoka kila upande. Hata tembo aliyempa mgongo na kukimbia aliweza kumpiga, risasi ikipenya misuli ya shingo kwa mshazari hadi ndani ya fuvu. Pigo hilo la nyuma limebaki na jina lake miongoni mwa wawindaji.

Kwa nini milimita 7

Risasi iliyomshinda moyo ilikuwa ile ya Mauser ya milimita 7, ambayo kampuni ya Rigby ya London iliiuza kwa jina la .275. Sababu zake zilikuwa za kazi. Kwanza, bunduki yake ilikuwa nyepesi, na mtu anayetembea kutwa nzima juani hushukuru kwa kila kilo aliyopunguza. Pili, haikupiga teke kali begani, hivyo mpigaji hakufumba macho wala kuutikisa mtutu. Tatu, kichwa cha risasi kilikuwa kirefu, chenye ncha ya mviringo, na kimefunikwa kwa metali ngumu pande zote, hivyo kilipenya mfupa bila kupinda na bila kuchanuka. Nne, risasi hizo zilitengenezwa Ujerumani kwa uangalifu, na hazikumwangusha.

Sababu hiyo ya nne ndiyo iliyoamua mambo. Bell aliipenda pia bunduki ya Mannlicher-Schoenauer ya milimita 6.5, nyepesi kuliko zote alizozimiliki, lakini aliiacha kwa sababu hakuweza kuziamini risasi alizozipata. Baadaye alitumia .318 ya Westley Richards, hasa katika misitu ya Afrika Magharibi, nayo pia ilimsumbua kwa risasi zenye hitilafu. Kila mara alirudi kwenye milimita 7.

Kwa kazi nyingine alikuwa na uchaguzi mwingine. Katika hatari ya kushambuliwa na watu alibeba bastola ya Mauser ya kujazwa risasi 10, ambayo ala yake ya mbao iliweza kuunganishwa nyuma ikawa kitako. Kwa nyati wa Afrika Magharibi alijaribu hata risasi ndogo zaidi, .22 Savage, na akafaulu. Inasimuliwa pia kwamba alipobaki na shehena ya risasi za .318 asizozihitaji tena, alizimaliza kwa kulenga ndege waliokuwa wakiruka juu ya ziwa, jambo ambalo wengi hulifanya kwa bunduki ya marisau. Mazoezi kwake hayakuwa na mwisho. Hata safarini aliinua bunduki tupu, akalenga jiwe au jani, akafyatua, na kuirudisha begani.

Yaliyofuata baada ya pembe

Kutoka Karamoja, Bell alihamia Lado, eneo la ukingo wa magharibi wa mto Nile ambalo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa amekodishiwa mwaka 1894. Leopold alipofariki mwezi Desemba 1909, wawindaji wa mataifa mbalimbali walimiminika huko kabla eneo hilo halijakabidhiwa kwa Sudan mwaka 1910. Sehemu yake ya kusini iliunganishwa na Uganda mwaka 1914, na leo ni sehemu ya West Nile. Bell aliendelea pia hadi Uhabeshi, Liberia na maeneo ya Wafaransa katika Afrika ya Kati.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuzuka akawa rubani wa jeshi la Uingereza. Alipelekwa Afrika Mashariki kupambana na Wajerumani, kisha eneo la Balkani, na akatunukiwa nishani kwa ushujaa. Baada ya vita alioa, akaishi Corriemoillie katika milima ya kaskazini mwa Uskoti, na mwaka 1923 akachapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu safari zake. Cha pili, kilichohusu Karamoja, kilitoka mwaka 1949. Uzeeni aliwinda kulungu wekundu wa Uskoti, na bado aliendelea kuchagua risasi ndogo zenye kasi kubwa. Alifariki tarehe 30 Juni 1954 kwa ugonjwa wa moyo.

Wapo waliomwiga na kuangamia. Bell alikuwa na macho makali, mkono uliotulia na elimu ya mafuvu, ilhali aliyenunua bunduki ya aina yake hakununua vitu hivyo pamoja nayo. Tena, aliwinda katika nyanda zilizo wazi, mbele ya tembo ambao walikuwa bado hawajazoea kishindo cha bunduki. Ndiyo maana sheria za uwindaji za leo hazikufuata njia yake. Nchini Tanzania, kwa mfano, mwindaji wa wanyama hatari hutakiwa kutumia bunduki ya kipenyo kisichopungua .375, yaani milimita 9.5. Sheria hutungwa kwa ajili ya mtu wa kawaida mwenye hofu, ili akikosea kidogo asimwache mnyama aliyejeruhiwa akimsubiri mpagazi au mwanakijiji kichakani.

Hata hivyo, Bell alikuwa amethibitisha jambo moja ambalo halikuweza kufutwa: risasi ya kawaida ya askari yatosha kumwangusha tembo. Katika miaka ya 1970 na 1980, silaha za kivita zilipozagaa Uganda na katika nchi jirani, majangili waliwamaliza tembo kwa bunduki za risasi ya milimita 7.62, kipenyo kisichotofautiana sana na kile cha Bell. Wao hawakuhitaji kukata mafuvu, kwa kuwa bunduki zao zilimimina risasi mfululizo. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, wakati ambapo maeneo mengi aliyoyapita Bell yalikuwa yamebaki bila tembo.

Katika Karamoja, tembo wanaonekana hasa katika Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, iliyoanzishwa mwaka 1962 mpakani mwa Sudan Kusini na Kenya. Askari wa wanyamapori hupita huko na bunduki begani, wakizifuata nyayo kama alivyozifuata Pyjalé. Vijana wa Karamoja wanaosoma nyayo hizo leo hulipwa kwa kuwaonyesha wageni tembo walio hai, na ujuzi wao ni uleule uliomfikisha Bell kwa tembo wake.