Annie Oakley: Dada aliyepima baruti kwa mkono wake

Wengi husema Annie Oakley alizaliwa tu na kipaji cha kulenga shabaha. Wangoje kidogo. Huyu dada alisota kwanza.

Jina lake la kuzaliwa ni Phoebe Ann Mosey, wa Ohio, Marekani, 1860. Babake alifariki yeye akiwa na miaka 5. Umaskini ukabana, akapelekwa makao ya maskini, kisha kwa familia iliyomtumikisha kama punda hadi akatoroka.

Aliporudi nyumbani akaanza kuwinda na kuuza kware dukani mjini Greenville. Bunduki za enzi hizo hazikuwa za kufyatua tu. Ulipima baruti na marisau kwa mkono, kila mara. Na hapo ndipo kuna kazi. Marisau hutoka mengi kwa mpigo mmoja, yakatawanyika kadiri yanavyoenda. Ukizidisha baruti, yanasambaa ovyo. Ukimpiga ndege karibu sana, yanafika yakiwa bado fungu moja, nyama inachanika na mteja haitaki. Annie alijua kupima baruti na umbali. Akiwa na miaka 15, inasimuliwa, alikuwa amemaliza deni la shamba la mamake.

Baadaye akamshinda Frank Butler, mlengaji wa kulipwa. Jamaa badala ya kununa, akamuoa! Mapema 1885 Annie alipiga mipira ya kioo 4,772 kati ya 5,000 kwa siku moja, bunduki akijijazia mwenyewe. Si mchezo. Mwaka huo huo akaingia onyesho la Buffalo Bill, na 1887 wakatua London.

Paris, 1889, baruti ya Wafaransa haikumridhisha. Inasimuliwa kwamba aliingiza ya Uingereza kimagendo, mradi asibahatishe jukwaani.

Kisha 1903 magazeti yakaandika kwamba ameiba ili anunue kokeini. Uongo mtupu, ni mwanamke mwingine aliyejiita jina lake. Wengi wangenyamaza. Annie alishtaki magazeti 55, akazunguka mahakamani miaka kadhaa, akashinda kesi 54.

Alifariki Novemba 3, 1926. Frank akamfuata siku 18 baadaye.

Kwa hivyo kijana, ukiona mtu hakosi shabaha, usikimbilie kusema ana bahati. Uliza kwanza alipima nini kabla ya kufyatua.