Babu: Waziri Aliyefungwa Bila Kesi

Ukimtaja Babu pale vimbwetani, wenzako watakuuliza ni babu wa nani. Namzungumzia Abdulrahman Mohamed Babu, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1924, akaishi na kusoma Uingereza, kisha akarudi nyumbani mwaka 1957 na kuwa katibu mkuu wa chama cha ZNP. Mwaka 1962 Waingereza walimshtaki kwa uchochezi, akafungwa miezi 15. Alipotoka hakuelewana tena na viongozi wenzake, akiwemo Ali Muhsin Barwani, akaanzisha Umma Party.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta Dar es Salaam. Akavuka bahari, na akiwa na miaka 39 akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Zanzibar. Baada ya Muungano aliendelea kuwa waziri. Kwenye diplomasia, jamaa alikuwa moto. Alishafika China kabla ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alipotaka kuwakaribia Wachina, Babu alikuwa mmoja wa waliotumwa. Desemba 1964 alikuwa Harlem, jukwaa moja na Malcolm X. Sisi tunaorudi Mbeya kwa TAZARA tunakula matunda ya urafiki ule na China.

Lakini tusimalize kwa sifa tu. Mapinduzi yaleyale yaliyompa Babu uwaziri yalimpeleka Ali Muhsin gerezani Bara, bila kesi. Babu akakaa serikalini, Ali Muhsin akakaa ndani.

Aprili 1972 Rais Karume aliuawa. Siku chache baadaye Babu naye akakamatwa na kuwekwa kizuizini Bara. Ali Muhsin alikuwa bado yumo, baada ya miaka minane hivi. Mwaka 1974 mahakama ya Zanzibar ilimhukumu Babu kifo kwa uhaini bila yeye kuwepo, maana Serikali ya Muungano haikumkabidhi. Alikaa kizuizini miaka sita. Yaani mkoloni alimfikisha kizimbani, lakini serikali aliyoitumikia mwenyewe haikumpa hata nafasi ya kujitetea.

Humo gerezani hakulala. Aliandika mswada ukatolewa nje, na mwaka 1981 ukawa kitabu chake kuhusu ujamaa wa Afrika. Alipoachiwa mwaka 1978 alikwenda kufundisha Marekani, halafu akaishi London, akiandika na kutetea demokrasia. Alifia huko Agosti 1996, akarudishwa kuzikwa Zanzibar.

Wanachuo wenzangu, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwenzetu akisimamishwa masomo bila kusikilizwa, tusiulize kwanza yuko kambi gani. Tudai asikilizwe, hata kama uchaguzi uliopita tulimpigia kura mpinzani wake. Mlango aliofungiwa Ali Muhsin mwaka 1964 ulikuwa bado una kufuli mwaka 1972.