Habari za Thorleif Haug na Nishani Yake ya Nne

Katika nchi ya Norwei, kaskazini ya Ulaya, theluji hufunika milima na mashamba muda wa miezi mingi. Tangu zamani watu wa huko husafiri juu yake kwa kuteleza, wakifunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba, ziitwazo ski, na mikononi hushika fimbo za kujisukumia. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyewashinda wote katika kazi hiyo.

Thorleif Haug alizaliwa tarehe 28 Septemba 1894 katika wilaya ya Lier, karibu na mji wa Drammen. Kati ya mwaka 1918 na 1924 alishinda mara sita mbio za kilometa 50 za Holmenkollen, karibu na Oslo, ambazo Wanorwei huzistahi sana.

Mwaka 1924 mataifa yalikusanyika Chamonix, katika milima ya Ufaransa, kwa mashindano yaliyohesabiwa baadaye kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Tarehe 30 Januari watu 33 walizianza mbio za kilometa 50, nao waliofika mwisho ni 21 tu. Hawakuondoka pamoja, bali kila mtu kwa zamu yake, na muda wake ukapimwa peke yake. Kwa hiyo hapana aliyejua kwa yakini njiani kama anashinda au anashindwa. Haug alitumia saa 3, dakika 44 na nukta 32. Thoralf Strømstad, Mnorwei mwenzake, alikuwa wa pili, akizidiwa dakika 1 na nukta 51.

Tena Haug alishinda mbio za kilometa 18, na shindano la kukimbia pamoja na kuruka. Katika kuruka peke yake akahesabiwa wa tatu. Basi akarudi kwao na nishani nne, tatu za dhahabu na moja ya shaba. Alifariki tarehe 12 Desemba 1934 kwa ugonjwa wa mapafu, umri wake miaka 40. Mwaka 1946 watu wa Drammen walimsimamishia sanamu.

Lakini mwaka 1974 ilionekana kwamba waamuzi wa Chamonix walikosea kujumlisha hesabu. Aliyestahili kuwa wa tatu katika kuruka ni Anders Haugen, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani na kuishindania nchi hiyo. Kosa halikuwa la Haug, naye alikuwa kaburini miaka 40. Hata hivyo binti yake aliichukua nishani ile ya shaba, akampa Haugen, ambaye sasa alikuwa mzee sana.

Nasi twaona kwamba jina la Haug halikupungua kwa jambo hilo. Nishani tatu alizozipata kwa jasho lake zimebaki zake, na ile ya nne imemfikia mwenyewe.