Daktari Henshall na Samaki Aliyedharauliwa

Safari hii napenda kuwasimulieni maisha ya Daktari James Alexander Henshall wa Marekani. Sijui kwamba aliwahi kukanyaga nchi yetu, lakini samaki aliyemtetea maisha yake yote alifika hadi kwetu, nami nimemla mara nyingi.

Nilizaliwa karibu na Ziwa Naivasha, na baba yangu alikuwa mvuvi wa nyavu. Karo yangu ya shule ilitoka katika ziwa hilo. Miongoni mwa samaki aliowaleta nyumbani alikuwamo mmoja mwenye kinywa kikubwa mno, mgongo wa rangi ya majani mabichi na mstari mweusi ubavuni. Tulimwita besi. Nilidhani yumo ziwani tangu dunia ilipoumbwa. Siku moja mwalimu wetu alituambia kwamba samaki huyo ni mgeni. Asili yake ni Marekani, na alitiwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 ili watu wapate mchezo wa kuvua kwa ufito na mshipi. Ndipo nilipoanza kutafuta habari zake, na katika kutafuta nikakutana na jina la Henshall.

Henshall alizaliwa mwaka 1836 katika mji wa Baltimore. Alisomea uganga, akawatibu watu katika jimbo la Kentucky na baadaye Wisconsin. Lakini kila alipopata nafasi alikwenda mtoni. Siku hizo mabwana wakubwa walimheshimu sana trauti wa maji ya baridi, ambaye leo hupatikana hata katika mito ya Mlima Kenya. Besi, akaaye katika maji ya vuguvugu yenye magugu, walimhesabu kuwa samaki wa ovyo, asiyestahili kuvuliwa kwa mdudu wa bandia.

Yafaa nieleze uvuvi huo. Chambo chake si nyungunyungu wala dagaa, bali ni manyoya ya ndege na nywele za mnyama, zilizofungwa kwa uzi juu ya ndoana hata zikafanana na mdudu. Kwa kuwa mdudu huyo ni mwepesi, hatupiki mbali. Uzito wa mshipi wenyewe ndio umchukuao, baada ya kupungwa nyuma na mbele kwa ufito. Kwa besi, mvuvi aghalabu hutumia mdudu mkubwa aeleaye, mfano wa chura au panzi. Humwangusha kando ya magugu, akangoja viwimbi vitulie, kisha akamtikisa kidogo. Hapo maji hupasuka ghafula, na ufito hupinda kama upinde.

Henshall aliyajua hayo kwa kuyatenda. Alibuni ufito mwepesi wa kuvulia besi kwa chambo, wenye urefu wa futi 8 na robo, na hata mmoja wa wadudu wa bandia wanaotengenezwa kwa nywele za kulungu aliitwa kwa jina lake. Mwaka 1881 alitoa kitabu kizima juu ya samaki huyo. Humo alishikilia kwamba, mkiwapima samaki wa urefu na uzito ulio sawa, hapana apiganaye kumshinda besi. Watu wengi walisadiki, na dharau ikapungua.

Lakini sehemu ya kitabu hicho inipendezayo zaidi ni ile ya majina. Mwaka 1802 mwanachuoni wa Ufaransa, Lacépède, alipewa samaki mmoja wa aina hii aliyekuwa na jeraha: sehemu ya nyuma ya pezi la mgongoni ilikuwa imekatika, kikabaki kipande kidogo peke yake. Mwanachuoni akadhani kipande kile ni pezi kamili, akampa samaki jina lenye maana ya pezi dogo. Kosa hilo limebaki katika jina la kitaalamu hata leo. Wengine nao wakaongeza majina yao, hata ikawa vurugu tupu. Henshall alikusanya maandishi hayo yote na kuyalinganisha na samaki wenyewe, akaonyesha kwamba majina mengi yale yalikuwa ya samaki wawili tu. Mmoja ana kinywa kikubwa, na taya lake hupita nyuma ya jicho. Mwingine ana kinywa kidogo, na taya lake halipiti jicho. Siku hizi wataalamu wametambua aina nyingine kadhaa, lakini alama hiyo ya taya ingali ikitumika.

Baadaye Henshall aliingia katika kazi ya serikali ya kukuza samaki. Hadi mwaka 1909 alisimamia kituo cha Bozeman, Montana, kisha akapelekwa Tupelo, Mississippi. Alifariki mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 89.

Sasa nina neno ambalo siwezi kulificha. Katika zama za Henshall, kuhamisha samaki toka mto hadi mto kulihesabiwa kuwa wema mtupu. Katika miaka ya 1850 watu waliwasafirisha besi kwa garimoshi, ndani ya tangi la maji la injini, wakawatia katika mto Potomac. Naivasha nako palikuwa na samaki wadogo wenyeji, wasiozidi urefu wa kidole. Besi ni mlaji mkubwa, na wataalamu wengi humtaja miongoni mwa sababu za kutoweka kwao. Baada ya miaka ya 1960 hawakuonekana tena. Hivyo samaki aliyenilipia karo huenda ndiye aliyewamaliza wenyeji wa ziwa. Namshukuru, na papo hapo nasikitika.

Siku hizi huko Marekani wako wavuvi waketio ndani ya tyubu iliyojazwa upepo, miguu yao ikiwa majini na imevaa mapezi ya mpira, wakimvua besi kimya kimya na aghalabu kumrudisha majini akiwa hai. Vijana wa Naivasha msithubutu kuwaiga, kwa maana viboko wetu hawana mzaha. Mwigeni Henshall badala yake. Mtazameni kwa makini kiumbe anayedharauliwa na wote, mumpime taya na pezi kabla ya kumpa jina. Na kabla ya kumhamisha kwenda maji mengine, ulizeni kwanza ni nani akaaye humo.