Frederick Taylor, tajiri aliyeshika beleshi na saa

Kila mwaka, diploma ya Serikali ikitoka, wazazi wa hapa Ankoro wanatuuliza sisi wa sendika mtoto asome nini akifika univerisite. Wengi wanataka udaktari ao sheria. Siku hizi kuko pia wanaotaja uhandisi wa viwanda, na mzazi aliyezoea mgodi anafikiri ni masomo ya kutengeneza mashini. Hapana. Mashini iko na wahandisi wake. Huyu wa viwanda anasoma kazi yenyewe: mtu, chombo na mali vinakutana namna gani, muda unapotelea wapi, mzigo gani unamfaa mbebaji. Njo yeye atakayekuja kusimama karibu na mchimbaji, saa iko mkononi. Kwa hiyo tumeona vizuri kusimulia maisha ya mtu ambaye wanafunzi hao wanamkuta mwanzoni kabisa mwa masomo yao: Frederick Winslow Taylor.

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1856 kule Germantown, upande wa Philadelphia, Marekani. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali, mama yake alikuwa mwanamke wa kupiga vita utumwa. Walimtembeza Ulaya miaka mitatu, akasoma Ufaransa na Ujerumani. Aliporudi aliingia shule kubwa ya Phillips Exeter, akashinda mtihani wa kuingia Harvard. Njia ilikuwa wazi: awe mwanasheria kama baba. Lakini macho yalimwumiza sana, na Harvard hakuenda.

Mwaka 1874, akiwa na miaka 18, aliingia karakana ndogo ya mapampu pale Philadelphia kujifunza ufundi. Tusidanganyane: jioni alirudi kulala kwa nyumba ya baba yake, haikuwa njaa iliyomsukuma. Lakini mchana mikono yake ilijaa mafuta kama ya wengine, kwa miaka minne. Kisha, 1878, akaingia kiwanda cha chuma cha Midvale. Wakati ule kazi ilikuwa haba, basi alianza kama kibarua. Akapanda: karani, fundi wa mashini, kapita, msimamizi, na mwishoni mhandisi mkuu.

Ni pale kwenye ukapita vita ilipoanza. Alijua kwamba wafundi wanafanya kazi polepole kwa kusudi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshafanya pamoja nao. Na sababu yao ilikuwa nzuri. Walilipwa kwa kipande, na kila mara walipozidisha vipande, kompani ilipunguza bei ya kipande. Mtu akijichosha zaidi, anapata makuta yaleyale. Mchimbaji gani wa kwetu hataelewa? Taylor alielewa pia, lakini alikuwa sasa upande wa wakubwa. Akafukuza watu, akakata mishahara, akaleta wapya. Wao wakavunja mashini, yeye akawatoza faini. Ilichukua karibu miaka mitatu, na alishinda, lakini baadaye alikubali kwamba kuishi na watu wanaokuchukia kila asubuhi si maisha.

Kutoka pale alitafuta dawa. Alifikiri kwamba kapita na mfanyakazi wanagombana kwa sababu hakuna anayejua kwa kweli kazi ya siku moja ni kiasi gani. Basi apime. Akaanza kukata kila kazi vipande vidogo na kuvipima kwa saa. Na kwa kuwa aliona elimu yake haitoshi, alijiandikisha kule Stevens Institute of Technology, Hoboken. Alisoma usiku, nyumbani, akienda shuleni kufanya mitihani tu, na kazi ya kiwanda hakuiacha. Mwaka 1883 alipata diploma ya uhandisi wa mashini. (Huyo huyo, mwaka 1881, alishinda ubingwa wa tenisi ya wawili wawili wa Marekani. Alilala saa ngapi, hatujui.)

Sehemu ambayo wachimbaji wanapashwa kuisoma vizuri ni ya Bethlehem, kiwanda kingine cha chuma, ambako alifanya kazi tangu 1898 mpaka 1901. Uwanja wa Bethlehem ulikuwa na vibarua kati ya 400 na 600, kila mmoja na beleshi yake ya nyumbani. Kwa beleshi ileile mtu alichota makaa laini, karibu kilo moja na nusu tu, kisha akachota madini ya chuma, kilo 17. Taylor akauliza swali ambalo hakuna mkubwa aliyekuwa amejisumbua kuuliza: ni uzito gani kwa mchoto mmoja unamfanya mtu ahamishe mali nyingi kwa siku bila kuvunjika? Akapima na wachotaji hodari. Jibu likatoka: karibu kilo 9 na nusu. Kompani ikapashwa kununua mabeleshi ya aina mbalimbali, dogo kwa madini mazito, pana kwa makaa mepesi. Kwa wabebaji wa vyuma vizito aliona tena kwamba mtu anapashwa kuwa bila mzigo zaidi ya nusu ya siku, asilimia 57, kama si hivyo misuli inakufa. Sisi tuliobeba mifuko mgongoni tunamwambia asante kwa hesabu ile.

Sasa tusome hesabu nyingine, kama alivyoandika mwenyewe katika kitabu chake cha 1911. Mchotaji alikuwa anahamisha tani 16 kwa siku, akafika 59. Mshahara wake ulikuwa dola 1 na senti 15, ukafika dola 1 na senti 88. Wale vibarua 400 mpaka 600 wakabaki 140. Kazi ilizidi karibu mara nne, mshahara haukufika mara mbili, na watu wengi wakatoka pale bila kazi. Taylor alizitangaza hesabu hizi kwa furaha. Delege wa sendika anazisoma kwa jicho lingine.

Na kuko jambo linalotuudhi zaidi ya mshahara. Taylor alitaka kufikiri kote kutoke mikononi mwa mfanyakazi kuende ofisini. Ofisi ipange, mtu atii. Mbebaji mmoja wa Bethlehem alimwandika katika kitabu kile kama mtu mwenye akili ya ng'ombe. Mtu aliyekaa miaka minne karakanani, akajifunza yote kutoka kwa wafundi wazee!

Jibu lilikuja Agosti 1911, kwenye karakana ya silaha ya Serikali pale Watertown. Msubuaji mmoja alikataa kupimwa kwa saa, akafukuzwa, na wenzake wakaweka vyombo chini wakatoka. Mgomo ulikuwa wa siku chache, lakini Bunge likaunda tume, na Januari 1912 Taylor alikaa siku kadhaa mbele yake akihojiwa. Alichoka na alikasirika. Tarehe 21 Machi 1915, siku moja baada ya kutimiza miaka 59, alikufa kwa homa ya mapafu. Mwaka uleule Bunge likakataza saa ya kupimia watu ndani ya karakana za silaha za jeshi.

Elimu yake haikufa. Ilikuwa imeshaingia shuleni: Penn State ilianza masomo ya uhandisi wa viwanda mwaka 1908, chini ya mwalimu Hugo Diemer, mtu aliyependekezwa na Taylor mwenyewe. Kutoka pale imeenea dunia nzima, na saa ile ikafika katika migodi mingi.

Katanga yetu ilikuwa na Desemba yake, 1941. Wafanyakazi wa Union Minière kule Élisabethville waligoma kwa ajili ya mshahara, wakapigwa risasi uwanjani, na Léonard Mpoyi akafa pale. Ruhusa ya sisi weusi kuunda sendika ilikuja tu 1946. Mwaka uleule wa 1941, kule New York, sendika ya washonaji wa nguo za wanawake ilifungua ofisi yake ya uhandisi na kumweka pale mhandisi wa viwanda, William Gomberg. Kompani ilipoleta hesabu ya muda wa kushona nguo moja, sendika iliweza kuipima tena kwa saa yake yenyewe, na kuweka karatasi yake mezani kando ya ile ya wakubwa.